Kiti cha Mzazi

Mwalimu anayewashauri wanafunzi kuhusu vyuo ana viti viwili vya wageni. Cha mzazi hukiweka nyuma kabisa, karibu na mlango, ili mtoto asipate wa kumtazama usoni kabla ya kujibu. "Wewe mwenyewe unataka kusomea nini?" huuliza, kalamu ikigonga meza taratibu. Mzazi akidakia, huinua kidole kimoja bila hata kumwangalia. "Nimemuuliza yeye, mama." Kisha husubiri, hana haraka. Na kila anayetoka humsindikiza kwa maneno yaleyale: nendeni mkakione chuo siku ya kawaida, muulizeni mwanafunzi yeyote mtakayemkuta, msibabaishwe na picha za majengo.

Jana baba mmoja, aliyeinuliwa kidole mara tatu, aligeuka akiwa ameshika kitasa. "Leo umenifunga mdomo, mwalimu! Na wako alichagua chuo gani?"

"Nilimchagulia mimi," akasema, akifunika kalamu. "Kizuri kuliko vyote."

Baba akacheka, akampongeza, akatoka na bintiye. Mwalimu akaenda kukaa kwenye kile kiti cha nyuma, akampigia mwanawe, akaisikiliza simu ikiita mpaka ikakatika yenyewe.