Bolti Nilizoziosha Mno

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuosha mno. Wengi wanaojifundisha kazi ya chuma bila mwalimu huharibu kwa uvivu au haraka. Mimi niliharibu kwa usafi.

Nilikuwa naokoa bolti, ambazo huku Kamembe kila mtu anaziita bulon. Vita vilikuwa vimeacha malori yaliyoungua pande zote mbili za mto Rusizi, unaotenga Rwanda yetu na Kongo, na watu waliyafungua kipande kwa kipande na kuleta vyuma kwa debe. Bolti za malori yale zilikuwa ngumu kuliko za dukani, ila zilikuwa zimeliwa na kutu. Mpya zilitoka Bukavu, upande wa Kongo, pale mpaka ulipokuwa wazi, na siku zile mpaka ulifungwa kila mara milio ya risasi ilipoanza ng'ambo.

Milio ile ilitufanya tulale chini ya vitanda, lakini kutu iliniogopesha zaidi. Sisemi hivi kwa kujivuna. Ni ugonjwa nilionao. Risasi unaisikia. Kutu hukaa chini ya nati ikila kimya, na wewe umelala ukidhani kazi yako ni nzima. Nilikuwa nikiamka asubuhi na kwenda kwanza kukagua mlango niliokuwa nimeufunga bolti wiki iliyopita kwa jirani, kabla hata ya kunawa uso.

Basi nikajiuliza, bolti nizivishe nini? Mafuta machafu ya injini yalipatikana bure, lakini yalishika vumbi na kuoshwa na mvua. Rangi ilipasuka pale tu spana ilipogusa nati. Katika kitabu cha kemia cha Kifaransa kisicho na jalada nilisoma habari za zinki: ukiivisha chuma, hata ikikwaruzwa, zinki ndiyo inayoliwa kwanza na chuma kinabaki. Nilipenda wazo hilo kama mtu anavyopenda wimbo. Nikakusanya betri za tochi zilizokufa, nikachuna maganda yao ya zinki, nikaomba asidi kwenye betri mbovu za magari, nikatumbukiza humo zinki na bolti, nikapitisha umeme. Bolti zikatoka zinang'aa.

Ila zinki haishiki mahali penye kutu. Lazima kwanza chuma kiogeshwe kwa asidi, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipopata kazi. Nikiona doa dogo kama kichwa cha sisimizi, naitumbukiza tena bolti. Inatoa mapovu, naitoa, naikagua juani, naitumbukiza tena.

Mtu niliyetaka apate zilizo bora kuliko zote alikuwa mchukuzi wa Rusizi ya Kwanza, daraja la kuvukia mpaka. Miguu yake ilikauka kwa polio akiwa mtoto, na alivusha mizigo kwa trisikli ya chuma, ya magurudumu matatu, aliyoiendesha kwa mikono. Mimi nilizaliwa Bukavu, kwa wazazi Wanyarwanda. Tuliporudi huku, yeye ndiye aliyetuvushia magodoro na cherehani ya mama. Askari walipotupigia kelele, ng'ambo wakituita Wanyarwanda na huku wakituita Wakongomani, aliwajibu yeye kwa mizaha mpaka wakacheka na kutupisha.

Siku moja alikuja uani kwangu, akaniita petit, yaani mdogo wake, kama kawaida yake, akagonga fremu ya trisikli kwa kiganja.

"Ile bulon ya nyuma inaoza, petit. Juzi niliisikia inalia."

"Papa, nitakuwekea zenye zinki. Zitang'aa."

"Minatafuta bulon, hapana hereni ya bibi yangu." Akachungulia ndoo yangu. "Unaziosha sawa vile banaosha batoto siku ya komunyo!"

Nilicheka, lakini maneno yale yalinipendeza. Bolti ngumu za lori zina namba kichwani; kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo chuma kinavyokuwa kigumu. Nikamchagulia zenye namba kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo. Nikaziosha kuliko nilivyowahi kuosha kitu chochote. Nikafunga ekseli ya nyuma, nikakaza kwa uzito wangu wote. Wateja wengine niliwapa zile laini, kwa sababu sikuwapenda kiasi hicho.

Wiki haikuisha. Mtu alikuja mbio kuniita, nikateremka mpaka darajani. Trisikli ilikuwa imelala kwenye mtaro, ekseli imechomoka, mifuko ya simenti kutoka kiwanda cha Muganza imepasuka, na yeye yuko chini yake, mweupe kichwani kama mzee wa miaka mia. Manyunyu yalikuwa yameanza, na simenti ilikuwa ikimgandia usoni. Walipomtoa, kiganja chake kilikuwa kimegeukia upande ambao kiganja hakigeukii.

Mwenye simenti, maman mmoja mfanyabiashara wa Bukavu, alikuwa ameshika kichwa.

"Nani aliweka bulon?"

"Ni ule petit wa kung'arisha," mtu akajibu, na wote wakanigeukia.

Niliokota bolti mbili. Zilikuwa zimekatika shingoni. Hazikuwa na kutu hata chembe, na zinki ilikuwa bado inang'aa. Bolti iliyoelemewa huvutika na kupinda kabla ya kukatika. Hizi hazikupinda, zilikuwa zimekatika kama biskuti. Niliona hilo palepale. Nililiona vizuri kabisa, nikafunga kiganja.

"Mzigo ulizidi," nikasema.

Yeye, akiwa ameketi matopeni na mkono ameulaza mapajani, akaniangalia. "Ilikuwa imesimama, petit. Tulikuwa kwenye foleni. Sikukuwa natembea hata kidogo."

"Mzigo ulizidi, Papa," nikarudia, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Si nilimwambia apeleke mara mbili?" maman akadakia. "Si nilimwambia? Tamaa! Muone simenti yangu!"

Hakuwahi kumwambia, nadhani. Lakini mimi ndiye niliyempa neno, na akalishika.

Mkono wa Papa ulipona nusu. Mtu wa miguu miwili angeishi na mkono ule. Yeye mikono ndiyo ilikuwa miguu yake. Hata hivyo alirudi, nami nikamfungia ekseli upya kwa bolti kuukuu zenye kutu, alizozitaka mwenyewe. Angeweza kuvusha nyanya, sambaza, wale dagaa wa ziwani, vitu vyepesi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyempa. Wachukuzi wenzake walikuwa wamemtungia jina.

"Papa Muzigo-Ulizidi, leo upumzike kwanza!"

"Mupishe, mupishe, asituangushie daraja!"

Alicheka nao mwanzoni. Nilikuwa nimesimama pale siku moja, nikamwona anacheka, nikapanda kilima kurudi nyumbani bila kununua nilichokwenda kununua. Baadaye akaacha kuteremka. Akawa anakaa sokoni Kamembe kando ya mkewe, akichambua maharagwe kwa mkono mmoja.

Kwangu uani nilikuwa nimetundika mlangoni vipande viwili vya chuma vilivyobanwa kwa bolti moja, ili wateja waone mng'ao. Bolti hiyo niliiogesha ndoo moja na zile za trisikli. Adhuhuri moja nilikuwa nakula, nikasikia tik. Kichwa cha bolti kilianguka sakafuni, kikabingirika hadi karibu na sahani yangu. Hakuna aliyekuwa ameigusa, wala haikuwa imebeba kitu. Ilikuwa imesimama.

Niliacha sahani palepale. Nilichukua bolti ngumu na laini, nyingine nikaziosha kwa asidi na nyingine nikaziacha na kutu yake, nikazikaza zote kwenye chuma kimoja, nikasubiri. Laini zilizooshwa zilistahimili. Ngumu zenye kutu zilistahimili. Ngumu zilizooshwa zikakatika moja baada ya nyingine, bila mtu kuzigusa. Sababu nimeielewa polepole: yale mapovu ya asidi yana gesi, na gesi hiyo huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kigae. Kadiri unavyoosha ndivyo inavyoingia. Kwa hiyo yule niliyempenda ndiye niliyempa chuma kibovu kuliko wote, na wale ambao sikuwajali bado bolti zao zinashika mpaka leo.

Nilikwenda sokoni. "Papa, haikuwa mzigo. Ilikuwa bulon yangu."

Aliendelea kuchambua maharagwe. Mkewe ndiye aliyeacha kazi akaniangalia.

"Nilikuambia ilikuwa imesimama," akasema mumewe.

"Nisamehe, Papa."

"Unaniambia mimi juu ya nini? Mimi nilijua tangu siku ile. Nenda uambie ba maman kule chini. Ni kule ulisemea."

Nikateremka darajani. Yule maman wa simenti alikuwapo, pamoja na wachukuzi. Nikasema kwa sauti ileile niliyotumia siku ile. Nikaonyesha bolti. Nikaeleza asidi na gesi.

"Chuma ilikunywa gesi?" mchukuzi mmoja akauliza. "Ni wewe ulikunywa, petit."

Walicheka sana. Maman hakucheka, alisema tu kwamba sasa ana mchukuzi mwingine, kijana mwenye nguvu, na kwamba mambo ya zamani ni ya zamani. Halafu foleni ikasogea, wakaondoka na mizigo yao. Uongo wangu ulikuwa na maneno mawili na waliuamini mara moja. Ukweli ulikuwa mrefu na ulihitaji ndoo ya asidi kuuonyesha.

Papa hakurudi darajani tena. Trisikli aliiuza, na sijui iko wapi.

Siku hizi bolti ngumu siziogeshi kwa asidi. Nazisugua kwa brashi ya waya, naacha madoa yalipo, nazipaka mafuta, na juu ya nati naweka rangi ya kuzuia kutu baada ya kukaza, si kabla. Zinki naitumia kwa bolti laini tu. Kazi yangu haipendezi kama zamani, na wateja wengine hulalamika. Kitu kikikatika, naenda mwenyewe kukiangalia, na namuuliza mwenye chombo kilikuwa kinafanya nini kabla sijataja sababu.