Dizeli ya Memsahib

Wanaosema ujana ni kipindi cha moyo safi hawakunijua mimi nikiwa mpishi kwenye shamba la mzungu mmoja, juu ya Njoro, miaka ile ya hamsini. Nilikuwa na chuki, na niliitunza vizuri kuliko sufuria zangu.

Nilimchukia mzee aliyewasha mashini ya kuvuta maji. Nilituma wajumbe kwake kuposa binti yake, akawarudisha mbele ya watu. Alisema hampi msichana wake mwanamume anayefunga aproni na kumkaangia mwanamke mayai. Kambi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, meno nje.

Mwaka ule memsahib alinunua sanduku la umeme la kuangulia vifaranga. Umeme wa nguzo ulikuwa umetufikia, lakini mvua ikinyesha tu unapotea, na mayai yanaharibika. Yeye na mumewe, bwana wetu, wakaamua kuweka jenereta nyuma ya jikoni. Mezani hawakuzungumza lingine: petroli au dizeli? Bwana alitaka petroli kwa sababu haisumbui kuwasha. Memsahib aliogopa moto. Zilikuwa siku za hali ya hatari, mashamba ya wazungu yakivamiwa usiku, na debe la petroli karibu na nyumba lilimkosesha usingizi.

Mzee, ambaye ndiye angeiwasha, akanijia mlango wa jikoni, kofia mkononi.

"Kijana yangu, wewe wanakusikia. Waambie wachukue ya petroli. Ile unavuta kamba tu. Ya dizeli ni hendeli, na hii bega yangu imekwisha tangu nianguke kwa trela. Lakini bega usitaje. Wakijua watanifukuza, na mimi na watoto tutaenda wapi?"

"Nimesikia, mzee," nikamwambia.

Kesho yake nilikuwa nimeshika birika memsahib aliponigeukia.

"Mpishi, wewe nasema nini? Petroli ao dizeli?"

"Dizeli, memsahib. Haishiki moto upesi."

"Na ile mzee taweza?"

"Ataweza sana. Ana nguvu kama maksai."

Nikamwongezea chai. Sikumwaga hata tone, na sitajifanya leo kwamba nilimwaga.

Dizeli za wakati ule zilikuwa na masharti yake. Unainua wenzo ili injini iwe nyepesi, unazungusha hendeli mpaka ishike kasi, ndipo unaangusha wenzo. Ukiuangusha kabla ya kasi, mashini inairusha hendeli nyuma kwa nguvu zote. Kwa wiki mbili nilimsikiliza mzee nikimenya viazi: anazungusha, anapumua, anaanza tena. Nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi. Halafu asubuhi moja ya baridi umeme ukapotea, memsahib akasimama nyuma yake akipiga kelele juu ya mayai yake, na mzee akaangusha wenzo mapema. Hendeli ilimvunja mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Nilisikia mfupa kabla ya kumsikia yeye.

Alirudi kutoka hospitali ya Nakuru na plasta hadi kwapani. Bwana alisema mtu wa mkono mmoja hana kazi hapo, na pale shambani asiye na kazi hakuwa na nyumba. Jumamosi lori likaja kuwachukua. Nilienda kutazama kwa sababu kila mtu alienda. Binti yake alikaa juu ya magunia ya mahindi, akitazama upande wa msitu.

Mzee aliniona, akaja moja kwa moja kwangu. Akaninyooshea mkono wa kushoto.

"Unisamehe kukusalimia na huu," akasema. "Ndio nimebaki nao. Najua ulinisemea, kijana yangu. Ni hawa wazungu hawasikii."

Niliupokea kwa mikono yangu yote miwili, nikainamisha kichwa kwa heshima.

"Nilijaribu, mzee," nikasema.