Perpetua, Mfasiri wa Lugha Yangu ya Uongo

Mpaka saa hii sijaamini. Asubuhi nimepiga namba yako mara mbili, Petua, kisha ndiyo nikakumbuka kuwa jana tulikuzika Mbweni.

Posti hii nimeiandika na kuifuta mara nne. Nimeinuka, nimefunga dirisha, nimelifungua tena. Nimepita miaka themanini na naogopa kama mtoto aliyevunja sahani ya mgeni.

Kwenye group la kanisa mmeweka mishumaa na maua, mnamwita "bibi yetu wa ufagio". Hamjui mnamlilia nani, na kosa ni langu.

Miaka ya hamsini mimi na Perpetua tulikuwa wasichana wa Ng'ambo, tukijiandaa kwa kipaimara. Mama yangu alikuwa yaya kwa Wagoa wa Shangani, nami nikimsaidia kumlisha mtoto. Petua alikuwa akinipitia pale jioni, tukirudi nyumbani pamoja.

Jumapili alifundisha darasa la watoto. Watoto kumi na watatu juu ya mkeka, yeye katikati, pindo la kanga limefungwa ubuyu wa kuwatuliza. Hakuwa na kitu akikipenda kuliko darasa lile.

Mwaka huo akaja mhubiri kutoka bara. Tulikuwa tukikusanyika alasiri kwa Mwalimu Zakaria, katekista wetu, kwenye nyumba yake ya makuti. Mhubiri akasema Roho humpa kila mtu karama, na asiyenena kwa lugha asijisumbue kwenda mbele ya askofu.

Shela yangu ya kipaimara ilikuwa imeshafuliwa, imetiwa wanga, imepigwa pasi ya makaa. Mama alishawaambia majirani mtaa mzima.

Jumapili tatu nilifumba macho nikangoja. Wenzangu walinena mmoja mmoja, mimi nimekauka kama kigogo.

Jumapili ya nne nikafungua mdomo, nikanena Kigoa.

Ndiyo, Kigoa. Maneno ya kulishia mtoto: kula samaki, usilie, baba anakuja. Niliyavuruga, nikayapandisha na kuyashusha, nikaongeza machozi. Wagoa walikuwa na kanisa lao, hakuna hata mmoja aliyekuwapo pale. Watu walilia, Mwalimu Zakaria alipiga magoti.

Jamani, nilinena vizuri hata mimi mwenyewe nikaanza kujiamini.

Mhubiri akauliza, "Nani amepewa kufasiri?" Nikafumbua jicho moja, nikakutana na macho ya Petua. Alishanisikia nikimbembeleza mtoto yule kwa maneno hayohayo jioni nyingi sana. Nikajua leo nimekwisha.

Petua akasimama taratibu.

"Anasema anaogopa," akasema. "Anasema hana kitu, na anaona haya kurudi kwao mikono mitupu. Anataka tumwombee."

Wakaniombea. Nililia tena, na safari ile machozi hayakuwa ya kutengeneza.

Njiani nikamwuliza mbona hakunisema. Akacheka. "Nkuseme nini? Mie nshafasiri, kazi yangu imekwisha. Wewe kesho nenda kamwambie Mwalimu." Nikamwambia nitakwenda.

Sikwenda.

Jumapili iliyofuata mtu mwingine alinena, wote wakamgeukia Petua. "Sina karama hiyo," akasema. Wakamsimamisha tena wiki ya pili, akajibu vilevile. Mhubiri akakasirika. Akasema huyu amemzimisha Roho kwa kiburi, na mwenye kiburi hafai kukaa na watoto.

Mwalimu Zakaria akaniita uani. Alikuwa mtu mpole, alikuwa akimtafutia Petua njia. "Salome, wewe ndiye uliyenena. Mwenzio alifasiri kweli, au alitunga?"

Neno moja tu, "Nilidanganya", lingetosha kumwokoa. Nikatazama chini, nikasema, "Sijui, Mwalimu."

Wakamnyang'anya darasa. Wakanipa mimi.

Nililishika miaka arobaini. Nyinyi mlionivisha kitenge siku ya kustaafu, mkaniita Mama Karama, ndiyo maana sikuweza kula keki ile. Mlidhani ni kisukari.

Petua alichukua ufagio. Alifagia kanisa, akang'arisha vinara, akawapelekea uji wagonjwa ambao mimi niliwaombea kutoka mbali. Na nyinyi mkitoka darasani kwangu mlikuwa mnakimbilia kwake nje. Nilikuwa nikiona. Nilikuwa nikiona wivu.

Mara moja nilimwuliza kwa nini hajitetei. Alikuwa anakung'uta jamvi, hata hakuacha. "Ile si siri yangu, Salome. Mwenyewe ndo wa kuisema."

Mwezi uliopita, hospitali, alinishika mkono. "Nshakusamehe zamani, hata siku yenyewe siikumbuki. Lakini watoto wangu washakuwa wazee, na bado wanadhani niliwaacha kwa kiburi. Waambie."

Nikamjibu, "Nitawaambia ukipona."

Mnaona nilivyo? Hata pale nilikuwa natafuta siku nyingine.

Basi nyinyi mliokaa kwenye mkeka ule, mnaosoma hapa mkiwa na wajukuu: Petua hakuwaacha. Alinyang'anywa nyinyi kwa ajili ya uongo wangu, akakaa karibu nanyi kwa njia iliyobaki, ufagio mkononi. Nikasirikieni, nastahili. Simu yangu iko wazi.

Na mnaobishana kila wiki kwenye group nani ana karama na nani hana, mimi najua hii moja. Siku ile nilidanganya kwa Kigoa, na yeye akafasiri kila neno sawasawa.

Lala sasa, mwenzangu, lala salama. Nshawaambia.