Nilivyojipigia Vigelegele vya Kufukuzwa

Naona aibu kulisema hili hadi leo, na hasira ndiyo usiseme, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa mafundi wenzangu wanaoongeza chumvi: siku tulipofukuzwa kwenye baraza la lile duka kubwa la serikali pale mjini Morogoro, mpiga vigelegele nilikuwa mimi.

Duka lenyewe lilishakufa (rafu tupu, kufuli imeota kutu), tukabaki sisi mafundi cherehani sita barazani, na baraza hilo ndilo lililonisomeshea watoto. Ikaja habari ya mwekezaji, atalibomoa ajenge la ghorofa, maana ndiyo ilikuwa miaka ya kubinafsisha kila kitu. Asubuhi ya kuweka jiwe la msingi bwana mmoja wa maandalizi akaniletea doti ya khanga: "Mama Zuhura, wewe una sauti, kaa mbele utuchangamshie." Nikaipokea (tamaa yangu, sibishi).

Basi nikakaa mbele, na mnajua tulivyozoea mikutano: mgeni rasmi akivuta pumzi tu, wewe unapiga. Kipaza sauti kinakoroma, mimi hata sisikilizi, akasema sijui barabara, nikapiga, akasema sijui vyoo vya kisasa, nikapiga, akasema, "Na mafundi wa barazani wataondoka Jumatatu," nikapiga kile kirefu cha harusini, tena peke yangu, maana nyuma kulikuwa kimya.

Mzee Kobelo, fundi wa suruali, akanivuta khanga: "We mama, unashangilia nini? Si ndio sisi hao!"

Nikasimama nipinge, nikanyoosha mkono. Yule mgeni, bila haya, akacheka kwenye kipaza sauti: "Mnaona? Wenyewe wamefurahi!" Watu wakapiga makofi. Alijua! Alituona na cherehani zetu palepale, akakichukua kigelegele changu akakifanya sahihi yetu wote. Nilipokwenda kulalamika ofisini kwao nikajibiwa, "Mama, si ulikubali mbele za watu?"

Jumatatu nilijitwika cherehani nikapita mbele ya wenzangu, na hakuna aliyenipa pole. Tangu hapo sipigi kigelegele mpaka nisikie maneno yote. Hata kwenye ndoa ya Zuhura wangu, shehe kamaliza, kina mama wameshapiga, mimi bado namuuliza jirani, "Amesemaje? Nani anaondoka?"