Kozi Niliyoimalizia Katikati ya Lualaba

Niliondoka Kalima kwa sababu moja: nilitaka, kabla sijazeeka, kumaliza kitu kinachoitwa shule. Mwaka ule wa vita nilikuwa Kindu, nimebakiza mtihani wa mwisho wa sekondari. Shule ikafungwa, tukakimbia, na mtihani sikuufanya. Tangu hapo nafundisha darasa la kwanza Kalima bila cheti cha kuonyesha. Basi nilipoandikishwa kwenye kozi ya mtandaoni ya kufundisha watoto kusoma, nilicheza peke yangu jikoni hadi sufuria ikaungua. Lakini mtandao wetu huja ukitaka na huondoka bila kuaga, na kozi ilikuwa ifungwe Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Asiyemaliza, jina lake linafutwa. Nikafunga safari kwenda Kindu kwa dada yangu Mwamini.

Jumatatu alfajiri, barabarani, nyuma ya pikipiki ya kukodi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara imegeuka uji. Simu niliifunga kwa mifuko ya plastiki nikaificha kifuani. Mbele kidogo pikipiki ikateleza, tukalala topeni wote wawili.

"Mama, uko muzima?" dereva akauliza.

"Simu iko muzima!" nikamjibu, na tukacheka tukiwa bado chini.

Jioni, Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu. Kutoka huko nikavuka Lualaba kwa mtumbwi wa moteri, nikatembea hadi nyumba ya Mwamini nyuma ya gari moshi, kama tunavyoiita stesheni. Mume wake, Ramazani, ni mstaafu wa reli. Alinipokea mlangoni amevaa kofia yake ya kazi.

"Mwanafunzi njo huyu anafika!" akapaza sauti. "Mumupe wali, mumupe sombe, kichwa yake isikauke!"

Nilikula wali na ile sombe ya majani ya muhogo mpaka nikaona haya, halafu nikaendelea kula.

Jumanne asubuhi niliingia kwenye kozi. Nieleze jinsi ilivyo kwa ninyi mliobaki nyumbani. Masomo yamepangwa kwa safu, na kila somo lina kufuli. Unatazama video mpaka mwisho, unafanya zoezi, alama ya kijani inatokea, ndipo kufuli la somo linalofuata linafunguka. Ukiruka hata dakika moja ya video, hupiti. Nilipopata alama yangu ya kwanza ya kijani nilipiga kigelegele, na majirani wakaja kuuliza nani amejifungua.

Zoezi la pili ndilo lililotuchelewesha. Kozi ina baraza, mahali pa washiriki kuandikiana. Agizo lilisema: jitambulishe, kisha salimia wenzako wawili. Mwamini akakunja uso.

"Wawili? Na wengine walikukosea nini? Unaingia kwa baraza ya watu, unawaruka? Mama alitufundisha vile?"

Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alikuwa na haki. Nikawasalimia wote, mmoja mmoja, nikiuliza wameamkaje, watoto hawajambo, mavuno yamekuwaje. Nao ni walimu wa kwetu, hakuna aliyekubali kushindwa adabu. Mwalimu wa Lubutu akauliza hali ya mume wangu, nami ningewezaje kunyamaza? Kufikia Jumatano wote wanasalimiana na wote, hakuna aliyefungua somo la tatu. Mwishowe msimamizi wa kozi, ambaye yuko mbali na hajui mambo yetu, akaandika kwa upole kwamba salamu zimetosha, tuendelee. Tukamjibu wote kwa kumshukuru, kisha tukamuuliza naye kwao hawajambo.

Alhamisi ilikuwa siku ya maswali ya kuchagua jibu. Kosa langu ni kuyasoma kwa sauti uani. Ramazani aliketi mbele kabisa.

"Hii swali iko na mutego," akasema kwa kila swali.

Majirani wakapiga kura, jibu la wengi likashinda, nami nikabonyeza kwa heshima ya wengi. Tukaanguka vibaya. Ramazani alisema mashine haijui kitu. Niliomba ruhusa, nikajifungia chumbani nikarudia peke yangu, nikapita. Nilipotoka walinipongeza, na kila mmoja akasema lile jibu alilijua tangu mwanzo.

Ijumaa: zoezi la mwisho. Mshiriki ajirekodi akifundisha, kisha atume video. Wanafunzi wangu walikuwa Mwamini, majirani na Ramazani, aliyenyoosha kidole akipiga kelele "Mwalimu! Mwalimu!" hata nilipokuwa sijauliza kitu. Mwamini alishika simu huku akicheka, kwa hiyo picha inatikisika.

Jumamosi asubuhi mtandao ukafa. Furaha yote ikanitoka. Nilikaa na ile video mkononi, saa nne, saa saba, saa tisa, haiendi. Niliogopa kweli. Nilikuwa nimefika tena hapo hapo nilipofikia mwaka ule, hatua moja kabla ya mwisho.

"Twende kwa muto," Ramazani akasema. "Wavuvi wanapigia simu kule katikati, iko rezo ya mtandao."

Nikabeba mfuko wangu, maana hata hivyo nilikuwa narudi Kalima. Mwamini akanisindikiza, tukapanda mtumbwi wa kwenda Alunguli. Tulipofika katikati ya Lualaba simu ikatetemeka. Mwamini akasimama mtumbwini.

"Zima moteri!"

"Mama, niko na watu ya soko," nahodha akalalamika.

"Mudogo yangu anamaliza shule. Vita ilimukatalia, na weye utamukatalia?"

Mwanamke mwenye kikapu cha bata akasema, "Zima, papa. Bata zangu haziko na haraka."

Moteri ikanyamaza. Video ikaanza kupanda, taratibu, na maji yakatuchukua.

"Tukienda hivi tutalala Ubundu, kule chini mbali!" mmoja akasema, lakini hakuna aliyeomba kuondoka.

Mwamini akanishika mkono, nami nikajua anakumbuka nini. Mwaka wa vita tulivuka hapa hapa, gizani, mama akituziba midomo kwa kitenge. Hakuna aliyekohoa. Nilikuwa na daftari zangu tumboni, chini ya nguo, na nilidhani tutarudi baada ya wiki.

Alama ikageuka kijani.

"Imeisha," nikanong'ona.

"Sisikie," Mwamini akasema, machozi yanamtoka. "Piga kelele!"

Nikapiga. Nahodha akapiga, mama wa bata akapiga, bata nao. Watu wa kando zote mbili za mto wakatoka kutazama.

Jumapili nikarudi Kalima. Nimejifunza jinsi ya kufundisha silabi, ndiyo, na nimejifunza kwamba kozi ya simu si ya mtu mmoja. Kwetu inahitaji ua mzima na mtumbwi. Jumatatu niliingia darasani sina sauti hata kidogo. Watoto wakauliza ninaumwa nini. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni, nikawaonyesha kwa kidole silabi ya kwanza, kisha nikasogea pembeni. Wakasoma wenyewe, kwanza polepole, halafu kwa sauti iliyofika barabarani:

"Ni-me-ma-li-za shu-le."