Kakao ya Mama Kahindo katika sanduku la tatu

Ile asubuhi ya Mutwanga naikumbuka kuliko ya jana, mwanangu, na leo imenirudia kwa nguvu kwa sababu ya sauti uliyonitumia kwa simu. Nimeisikiliza mara nne. Unasema chef wako, huyo mkubwa wenu wa kazi pale depo ya dawa, karibu na Rughenda, amekutukana tena mbele ya wenzako. Unasema pia kwamba orodha aliyoandika ya dawa za vituo vya afya ina makosa, kwamba umeyaona na umeamua kunyamaza. "Mama, safari hii namuacha aanguke." Kisha ukacheka. Gari la dawa linaondoka kesho. Tangu nisikie hivyo sikai, sisimami, na maharagwe niliyoyateleka yameungua. Basi nisikilize hadi mwisho, ingawa unajua mama yako anapenda kuzunguka.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwili mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Nilifanya kazi kwenye depo ya kakao kule Mutwanga, chini ya milima. Wakulima walileta kakao mbichi ikiwa bado na ute wake mweupe, nasi tuliivundika katika masanduku ya mbao, kila mkulima na sanduku lake, tukaifunika kwa majani ya migomba. Kakao hukaa humo siku sita, na kila baada ya siku mbili unaigeuza kwa koleo la mbao. Ukiitoa mapema, nje itakauka vizuri na kupendeza macho, lakini ukiipasua punje, ndani ni zambarau na uchungu mtupu, na mnunuzi hataki kuisikia. Hayo niliyajua. Pua yangu peke yake ilitosha kuniambia sanduku limefika siku ya ngapi.

Chef wetu hakuyajua. Alikuwa ametumwa kutoka mkoa mwingine, ana diplome yake na viatu vinavyong'aa, na kwa kuwa hakutaka vikanyage maji ya kakao, aliamrisha akiwa mlangoni. Majina yetu hakujifunza hata moja. Alituita kwa masanduku tuliyosimamia, na mimi nilikuwa Caisse Tatu. "Caisse Tatu, kuya hapa! Caisse Tatu, uko mujinga?" Unaona basi, chef wako hakuleta jambo jipya duniani.

Asubuhi ile alitaka kakao yote itolewe ikiwa na siku tatu tu, eti gari la kwenda Butembo litawahi kuondoka na wakubwa wake wanataka kuuona mzigo. Nilifungua mdomo, sikufika mbali.

"Chef, hii kakao bado..."

"Weye banakulipa juu ya kufikiri? Kufikiri ni kazi ya bureau. Weye toa kakao, c'est tout!"

Wenzangu wakacheka. Mwanangu, kicheko kile kilinichoma kuliko tusi lenyewe. Nikasema moyoni, vizuri, utapata ulichoomba. Nikashika koleo, nikatoa kakao yote kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha siku nyingine yoyote. Nisikufiche, nilikuwa na furaha. Siku zote za kuanika nilipita kati ya meza nikiimba nyimbo za kanisani, huku nawaza sura yake itakavyokuwa mnunuzi atakapopasua punje ya kwanza.

Gari likaenda, likarudi na mzigo wote. Mnunuzi alikuwa amepasua punje chache tu, akaona zambarau, akakataa. Nikajisogeza karibu na mlango wa bureau, ile ofisi yake, nimsikie chef akianguka. Hakuanguka. Aliwaambia wakubwa wake kwa simu kwamba wakulima wa huku wameleta kakao mbaya, kisha akaagiza chai.

Wenye kakao wakaitwa waje kuchukua magunia yao. Aliyekuja kwa gunia la sanduku langu alikuwa Mama Kahindo, mdogo wa mama yangu, aliyenilea miaka miwili nilipokuwa mtoto. Kakao ilipokelewa bureau, majina yakakaa kwenye daftari la huko, sisi tulijua namba tu, na sikuwahi kuuliza namba tatu ni nani.

Shamba lake lilikuwa upande ambao watu waliuogopa wakati ule, kwa ajili ya wenye silaha msituni. Majirani zake waliacha kakao ioze mitini. Yeye alikwenda siku tatu na panga lake, masikio yamesimama, akikimbia kila tawi lilipovunjika, kwa sababu alitaka mabati kabla ya mvua. Nyumba yake ilikuwa imefunikwa kwa turubai. Aliponiuliza imekuwaje, nilimweleza yote, tena kwa kujivuna kidogo. Nikamwigiza hata chef na viatu vyake, nikidhani tutacheka pamoja.

Hakucheka. Alipasua punje moja kwa meno, akaitazama ndani.

"Donc ulijua?"

"Nilijua, mama. Mais ni yeye alisema."

"Masika, mutoto yangu, ulitaka kupiga chef, ukamupiga na kakao yangu. Yeye hata hapana sikia. Ni miye niko nasikia." Akafunga gunia. "Unalia juu hajui jina yako. Na weye, hizi siku zote, ulijua ni jina ya nani iko mu caisse?"

Akajitwika gunia, akaenda. Mwaka ule kila mvua iliponyesha nilikwenda mlangoni nikasimama, nafikiria turubai lile. Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli.

Juma lililofuata chef aliamrisha vilevile. Lakini safari hii nilikuwa nimelisoma kwanza lile daftari la bureau. Nikasimama mbele ya wenzangu na wakulima wawili waliokuwa wanasubiri.

"Chef, juma hii caisse tatu ni ya baba Paluku. Iko na siku tatu tu. Tukitoa leo, itakuwa hivi." Nikapasua mbele yake punje moja ya mzigo uliorudishwa. "Miye hapana toa."

Alinitukana tusi ambalo sitalirudia hapa. Kisha akaona wakulima wanamtazama.

"Bon, muache," akasema, akarudi bureau. Hakunishukuru, na mpaka anahamishwa niliendelea kuwa Caisse Tatu. Lakini kakao ya baba Paluku ilimaliza siku zake sita.

Sikuambii umpende chef wako, wala umeze matusi yake. Ukipata kazi kwingine, ondoka, nami nitakuja kukubebea vitu. Hasira unayo haki nayo. Ninachokukataza ni kuiweka ndani ya mzigo wa watu wengine. Leo hii, kabla hamjafunga bureau, mwambie kosa lake kwa sauti ya kawaida, mbele ya mtu wa pili, ukiwa na orodha mkononi. Akikufukuza mlangoni, liandike, uweke tarehe, umpelekee aliye juu yake. Na kama woga unakushika, soma majina ya vituo vile kimoja kimoja, ufikirie nani amelala huko anasubiri. Huenda chef asianguke hata hivyo. Asipoanguka, hiyo si kazi yako.

Mimi nilipata juma la pili la kusahihisha. Dawa, mwanangu, haina juma la pili. Mungu akupe sauti leo hii, akulinde na ulimi wa chef wako na wa kwako pia, akurudishe nyumbani ukiweza kututazama machoni. Ukishamwambia nipigie. Simu iko mkononi mwangu na siiweki chini.