Chipu Mbili kwa Feni ya Duara

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vifaa vya kielektroniki, Nyasubi pale Kahama, Meneja Ufundi alinipokea akiwa na chipu mbili kiganjani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Ungechagua ipi?"

Zote zilikuwa maikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha. Moja ilikuwa ya familia ya zamani, ya biti nane: hesabu zake polepole, kumbukumbu finyu, lakini ngumu kama jembe. Nyingine, ya biti thelathini na mbili, ilikuwa na kasi, bei nafuu na ilitumia umeme kidogo. Nikachagua hiyo. Hata Meneja aliipenda.

Tuliiweka kwenye kidhibiti cha feni inayopeleka hewa ndani ya duara, shimo la wachimbaji wadogo upande wa Geita. Mezani ilifanya kazi bila kosa, tukaenda kufunga kimoja cha majaribio.

Mchana, watu wakiwa chini, jirani akawasha karasha la kusaga mawe kwenye jenereta ileile iliyoendesha feni yetu. Umeme ukashuka, ukarudi. Feni haikurudi, chipu ilikuwa imeganda. Baba Kulwa, msimamizi wa duara, akainamia shimo akipiga kelele, "Pandeni! Pandeni wote!" Wakapanda mmoja mmoja. Wa mwisho alivutwa kwa mikono, akihema.

"Mkubwa," Baba Kulwa akamwambia Meneja, "kiboksi chako kina akili, lakini hakijui kama kuna watu."

Meneja akachomoa waya. "Hatuuzi."

"Na mteja anayesubiri?" nikauliza.

"Mteja ndiye huyu anayehema."

Tulirudi kwenye biti nane, tukaongeza saketi ya kuiwasha upya chipu ikiganda. Familia ile mpya haikuwa mbaya; baadaye kwenye mizani ya ng'ombe ya kutumia betri iliishinda ya zamani kabisa. Ila sikuamini tena sifa za karatasini.

Sasa nimestaafu, nipo Shinyanga. Juzi fundi niliyemwachia kiti cha umeneja alinipigia: chipu zetu za zamani hazipatikani tena, wamehamia familia nyingine. Moyo uliniuma kidogo.

"Mmeijaribu wapi?"

"Duarani, Mama, karasha likiunguruma."

"Nani alikuwa chini?"

"Mimi mwenyewe."

Nikamwambia, "Wabeja, asante mwanangu. Uzeni."